Mwaka wa 7 wa Hijra: Watu wa Jahazi Warejea Kutoka Habashi

Miongoni mwa miaka kumi aliyokaa Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.) Madina, mwaka wa 7 una mambo makubwa. Ulianza mwezi wa Mei 628. Mwanzoni mwake Waislamu waliziteka ngome za Khaibar, kaskazini ya Madina. Na katika Mfungo Pili, watu wapatao 2,000 waliingia Makka kufanya Umra waliyozuiliwa mwaka uliotangulia. Walikaa siku tatu, kisha wakatoka kama walivyoagana na Makureshi katika mkataba wa Hudaibiya, wala damu haikumwagika.

Lakini liko tukio jingine la mwaka huo litupasalo kulikumbuka sisi watu wa Afrika. Tangu mwaka 615 baadhi ya Masahaba, kwa kukimbia mateso ya Makureshi, walivuka Bahari ya Shamu wakaenda Habashi, wakapewa hifadhi na mfalme wake, Najashi. Wengine walirudi mapema. Sayyidna Jaafar bin Abi Talib na wenziwe walikaa huko miaka ipatayo 13. Hawakuwako Badri, wala Uhud, wala Handaki. Watoto wao walizaliwa ugenini. Hata ulipofika mwaka wa 7 wakarejea kwa jahazi, wakamkuta Mtume Khaibar imekwisha kutekwa. Akamkumbatia Jaafar, akasema kwamba hajui lipi limfurahishalo zaidi: kutekwa kwa Khaibar au kuja kwa Jaafar.

Baadaye Bibi Asmaa binti Umais, mkewe Jaafar, alikwenda kumzuru Bibi Hafsa. Akaingia Sayyidna Umar, babake Hafsa, akamwambia kuwa wao wa Madina waliwatangulia watu wa Habashi kwa Hijra, kwa hiyo wao ndio wenye haki zaidi kwa Mtume. Bibi Asmaa alighadhibika. Akamjibu kwamba wao walikuwa pamoja na Mtume, akimlisha mwenye njaa wao na kumuonya mjinga wao. Na hali sisi, akasema, tulikuwa katika nchi ya mbali, tukiudhiwa na kutiwa hofu. Akaapa kuwa hatakula wala hatakunywa mpaka amweleze Mtume maneno hayo, pasipo kuzidisha wala kupunguza.

Mtume alipokwisha kusikia, alihukumu kwamba Umar hana haki kuwashinda wao. Kwani Umar na wenziwe wana Hijra moja, na watu wa jahazi wana Hijra mbili. Basi Abu Musa al-Ash'ari na wenziwe wa jahazini wakawa wanamjia Bibi Asmaa makundi makundi, wamuulize habari hiyo. Wala halikuwako jambo la dunia lililowafurahisha kuliko hilo.

Ndugu wasomaji, sisi tulioko Karagwe, ambako wafanya biashara Waislamu walikuwa na kituo chao Kafuro katika karne ya 19, tu mbali na miji mikubwa ya elimu. Huenda kijana wetu akadharauliwa kwa umbali huo, naye akajidharau. Na asimuliwe habari ya Bibi Asmaa: hakunyamaza, wala hakutukana, alilipeleka jambo lake panapostahili, akapewa haki yake. Na mabinti zetu nao wasimuliwe.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira ya watu wa jahazi. Amin.