Una hisa, lakini una kura?

Ukinunua leo hisa ya Snap, kampuni yenye Snapchat, unapata kura ngapi kwenye mkutano mkuu? Sifuri. Machi 2017, Snap ilipoingia kwenye soko la hisa la New York, iliuza hisa kwa dola 17 kila moja na kukusanya dola bilioni 3.4, na hisa zote zilizouzwa kwa umma zilikuwa bubu, hazina kura hata moja. Waanzilishi wawili, Evan Spiegel na Bobby Murphy, walibaki na hisa za daraja jingine zenye kura 10 kila moja. Watu wakazigombania hivyo hivyo. Siku ya kwanza bei ilifunga ikiwa zaidi ya dola 24.

Kama uko kwenye SACCO unajua utaratibu tofauti kabisa: mwanachama mmoja, kura moja, hata kama jirani yako ana hisa mara mia ya zako. Kampuni ya kawaida ina utaratibu wa pili: hisa moja, kura moja. Mwenye nyingi ndiye anayeamua, lakini angalau nguvu hiyo ameilipia. Sasa huu wa tatu unagawa hisa kwenye madaraja. Gawio mnapata sawa kwa kila hisa, ila hisa za mwanzilishi zina kura nyingi zaidi, kwa kawaida 10.

Hebu tupige hesabu. Kampuni ina hisa 110. Hisa 10 ni za daraja B, za mwanzilishi, kura 10 kila moja: jumla kura 100. Hisa 100 zilizobaki ni za daraja A, kura moja moja: jumla kura 100. Ngoma droo. Mwanzilishi akiwa na hisa moja tu ya daraja A juu ya zile zake, basi ana kura 101 na ninyi wengine wote mna 99. Anamiliki asilimia 10 ya kampuni, na wenye asilimia 90 hawamwezi. Hii si hesabu ya darasani tu. Mark Zuckerberg ana chini ya asilimia 15 ya hisa za Meta na zaidi ya nusu ya kura zake.

Angalia sasa hesabu hiyo inafanya nini kwenye kichwa cha mtu. Tuseme huyo mwenye asilimia 10 anataka kampuni imnunulie ndege ya dola milioni 10 ambayo haina faida yoyote kwa biashara. Kwenye mfuko wake inaondoka milioni moja. Milioni tisa ni zenu. Raha ya ndege ni yake peke yake. Si lazima awe mtu mbaya. Hesabu yenyewe inamsukuma. Mwaka 2009 Ronald Masulis, Cong Wang na Fei Xie walichapisha utafiti juu ya kampuni za Marekani zenye muundo huu. Waliona kwamba pengo kati ya kura za viongozi na umiliki wao wa kweli linavyozidi kupanuka, ndivyo malipo ya mtendaji mkuu yanavyopanda, kampuni inavyonunua kampuni nyingine kwa hasara zaidi, na pesa taslimu iliyo ghalani inavyohesabiwa na soko kuwa na thamani ndogo kwa wanahisa wa nje. Hilo la mwisho ndilo linalonivutia: dola moja kwenye akaunti ya kampuni inahesabiwa kulingana na nani ameshika funguo.

Najua utaniambia: "Mimi nina hisa tano, kura yangu ingebadilisha nini?" Ni kweli, haingebadilisha kitu. Na wapo waliofaidika sana bila kuwa na sauti. Google ilipouza hisa zake kwa dola 85 mwaka 2004, Larry Page na Sergey Brin waliwaambia wazi wawekezaji kwamba wanabaki na usukani ili waangalie mbali bila kusumbuliwa na matokeo ya kila robo mwaka. Aliyekubali na kusubiri hakujuta.

Lakini kinga ya mwanahisa mdogo haijawahi kuwa kura yake mwenyewe. Kinga yake ni kwamba kura zinaweza kununuliwa. Kampuni ikiendeshwa vibaya bei inashuka, mwenye pesa anaona nafasi, ananunua hisa za kutosha na kuwaondoa waliolala. Wewe unafaidi bei ikipanda, hata kama hukufanya lolote. Kura zikiwa zimefungiwa kwenye kabati la mtu mmoja, mlango huo haupo tena. Na siku kabati hilo likiuzwa, swali ni kama na wewe utalipwa.

Kisa cha kusoma hapa ni cha Kanada. Canadian Tire, kampuni ya maduka, ilikuwa na hisa za kura na hisa bubu. Hisa za kura zilikuwa karibu asilimia 4 tu ya mtaji wote, na familia ya mwanzilishi, akina Billes, ilishika nyingi kati ya hizo. Wenye hisa bubu walikuwa na kifungu cha kuwalinda kwenye katiba ya kampuni: mtu akinunua wingi wa hisa za kura, basi hisa bubu nazo zinapata haki ya kura. Safi, si ndiyo? Mwishoni mwa 1986 wafanyabiashara wanaoendesha maduka ya kampuni hiyo wakaja na ofa. Walitaka asilimia 49 ya hisa za kura. Si 50, ni 49 kamili. Tayari walikuwa na hisa nyingine za kura, kwa hiyo wangeshika kampuni bila kukigusa kifungu. Bei waliyotoa kwa hisa ya kura ilizidi mara kumi bei ya hisa bubu sokoni. Wenye hisa bubu, yaani wenye sehemu kubwa mno ya kampuni, wangeambulia patupu.

Januari 1987 tume ya dhamana ya Ontario ilizuia ofa hiyo. Mahakama ikakubaliana nayo. Mwaka huo huo soko la Toronto likaanza kudai kwamba kampuni mpya zenye hisa za namna hii ziwe na kifungu cha kweli cha kuwafikishia wote ofa inayotolewa kwa wenye kura. Masoko makubwa ya Marekani hayalazimishi hilo. Kila kampuni inajiandikia.

Hata hivyo mwanahisa mdogo wa Marekani hajakosa pa kushika kabisa. Mwaka 2016 Facebook ilipanga kutoa hisa mpya zisizo na kura, ili Zuckerberg aweze kutoa mali yake kwa hisani huku usukani ukibaki kwake. Wanahisa walikwenda mahakamani Delaware, na Septemba 2017, siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, kampuni ikaufuta mpango.

Siku hizi mtu akiwa Nairobi anaweza kununua kipande cha hisa hizi kwa simu, na skrini inamwonyesha bei na mchoro tu. Kura hazionyeshwi. Ziko kwenye waraka wa matarajio, sehemu inayoeleza haki za kila daraja. Mimi huanza na jambo moja: hizo kura 10 zinakoma lini? Hong Kong, iliporuhusu muundo huu mwaka 2018, iliweka ukomo wa kura 10 kwa hisa na kuagiza kwamba nguvu hiyo iishe mwenyewe akifariki au akitoka kwenye bodi. Kwingine kuna kampuni zinazoweka idadi ya miaka. Pale ambapo waraka hauna tarehe wala tukio lolote la kukomesha kura hizo, unaweza kuwa unanunua hisa za mtoto wa mwanzilishi ambaye bado yuko chekechea.