Dende na Wasaidizi wa Tumbo Lake

Watoto, katika nyumba nyingi za Bukavu, na katika vijiji vya Kabare na Walungu, hufugwa mnyama mdogo asiye na mkia. Huyo ni dende. Katika Tanzania huitwa simbilisi. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na huko watu walimfuga tangu zamani sana. Kwetu hukaa jikoni, karibu na joto la moto, na mara nyingi watoto ndio wanaomkatia majani.

Dende hula nyasi, matembele na maganda ya ndizi, naye hunenepa. Wewe ukila nyasi, utaumwa na tumbo tu. Kwa nini? Je, ni kwa sababu ya meno yake? La, meno husaga tu. Nyasi zina nyuzi ngumu, na tumbo la mnyama peke yake haliwezi kuzivunja. Dende ana wasaidizi.

Pale utumbo wake mwembamba unapokutana na utumbo mpana, pana mfuko mkubwa. Mfuko huo umejaa bakteria. Bakteria ni viumbe vidogo mno. Jicho haliwaoni bila hadubini. Hao huchachua nyasi, kama ndizi zinavyochachuka zikawa kasiksi. Nyuzi huvunjika, na dende hupata nguvu. Bakteria nao hupata joto na chakula kila siku. Hivyo kila mmoja humfaa mwenzake.

Bakteria hutengeneza vitamini pia. Lakini mfuko ule uko karibu na mwisho wa safari ya chakula, na vitamini nyingi hutoka nje pamoja na mavi. Kwa hiyo dende hula tena baadhi ya mavi yake. Usimcheke! Bila hayo angedhoofika. Hata watoto wake hula mavi ya mama yao, na hivyo hupata bakteria wao wa kwanza. Lakini mavi ya dende ni ya dende, si ya watu. Ukimaliza kusafisha mahali pake, nawa mikono kwa sabuni.

Wanyama wengine wana wasaidizi kama hao. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na katika chumba kikubwa bakteria huchachua majani, naye hucheua. Gorila wa msitu wa Kahuzi-Biega hula majani na mianzi. Bakteria wake hukaa katika utumbo mpana.

Na sisi watu je? Mwaka 2016 wataalamu walikadiria kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria kama trilioni 38. Wengi hukaa katika utumbo mpana. Bugali tunausaga sisi wenyewe, lakini nyuzi za sombe na za maharagwe tunawaachia wao. Wanapofanya kazi hutoa hewa. Ndiyo sababu tumbo hunguruma baada ya kula maharagwe. Hutengeneza vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda tunapojikata. Tena hushika nafasi, ili bakteria wabaya wasipate mahali pa kukaa.

Sasa sikilizeni habari ya ajabu. Mwaka 1940, huko Oxford katika Uingereza, wataalamu waliwatia panya 8 ugonjwa mkali. Wanne walipewa dawa mpya, penisilini, nao walikuwa bado hai wenzao walipokufa. Wanne hawakupewa, wakafa. Basi mwaka 1943, katika Marekani, dawa hiyo walipewa dende. Dende wakafa! Dawa iliyowasaidia panya iliwaua dende. Baadaye sababu ilijulikana. Penisilini iliwaua bakteria wema wa tumbo la dende. Nafasi ikabaki wazi, bakteria wabaya wakaongezeka wakatoa sumu.

Kwa hiyo dende wako akiugua, usimpe penisilini wala ampisilini iliyobaki nyumbani. Mwulize mganga wa mifugo. Wala usimbadilishie chakula kwa ghafula, kwa maana bakteria wake huhitaji siku kadhaa kukizoea.

Nawe ujihadhari. Dawa hizo zimeokoa watu wengi sana, na daktari akikupa, uzimeze zote kama alivyoagiza. Lakini usinunue vidonge njiani kwa kila homa na kila maumivu ya tumbo. Dawa ya namna hiyo haichagui: huua bakteria wabaya na wema pamoja. Wasaidizi wako huwaoni, lakini wakifa utajua.

Maswali
1. Kwa nini dende hunenepa kwa nyasi, na wewe huwezi?
2. Kwa nini dende hula mavi yake?
3. Penisilini iliwauaje dende?
4. Taja kazi tatu za bakteria wema katika tumbo la mtu.