Kila Chama na Chumba Chake



Sisi wenye mikarafuu twaijua desturi ya ghala: kila mkulima na gunia lake, na kila gunia na alama yake. Lakini siku hizi hesabu zetu hukaa ndani ya seva, na humo gunia la jirani laweza kufunguliwa bila kelele.

Tuwatazame wenzetu wa kahawa. Katika Bukoba na Muleba, vyama vya msingi hukusanya kahawa ya wakulima na kuipeleka kwa chama kikuu, KCU. Tuchukue mfano tu: katibu wa Kamachumu na katibu wa Katoro wapeleka mafaili ya mizani kwenye seva moja kwa njia ya SFTP. Kila mmoja ana neno lake la siri, lakini neno hilo hufungua mlango wa mbele tu. Akiisha kuingia, kama ruhusa za folda hazikuwekwa barabara, aweza kupita ukumbini na kusoma madeni ya wakulima wa mwenziwe.

Dawa ni ya zamani. Mwaka 1979 mfumo wa Unix ulipata chroot, ambayo humfanya mtu aone chumba chake kuwa ndiyo nyumba nzima. Mwaka 2008 programu ya OpenSSH ikaitia katika SFTP kwa agizo la ChrootDirectory.

Kwanza, msimamizi aunde kundi la wapeleka mafaili. Pili, kila mmoja apewe folda yake. Tatu, kundi hilo liwekewe internal-sftp peke yake, lisiendeshe amri nyingine.

Hapa wengi hukwama. Folda hiyo, na zote zilizo juu yake, hazina budi kuwa mali ya msimamizi mkuu, na mwingine yeyote asiweze kuandika humo. Ama sivyo seva hukata mawasiliano. Sababu ni kwamba mpangaji akiruhusiwa kugusa ukuta, atatoboa mlango. Basi ndani yake ifanywe folda ndogo, iwe mali ya katibu, na mafaili yawekwe humo.

Mwisho, msimamizi aingie kwa jina la chama kimoja, ajaribu kutoka nje ya chumba. Akishindwa, kazi ni njema.

Katika mkutano ujao, muulizeni katibu wetu: anayeingia katika seva yetu aweza kuona nini? Deni la mtu ni siri yake.