Mtungi Unapopandishwa Kamembe

Mtungi wa kupigia mbizi uliojazwa Pemba na ule uliojazwa Kamembe, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, umebeba hewa ileile: karibu asilimia 21 oksijeni, 78 nitrojeni, na kiasi kidogo cha argoni. Kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyo juu ya ziwa. Uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo ni bar 0.85 tu, ilhali pwani ni bar 1 na ushei. Anayetaka kuchanganya gesi za kuzamia kina kirefu hapa wilayani Rusizi aanzie kwenye tofauti hiyo.

Lakini kwa nini achanganye, naye hewa anaipata bure? Kwa sababu hewa hugeuka kuwa hatari mgandamizo unapoongezeka. Kuanzia mita 30 hivi nitrojeni humlevya mtu. Kwenye 60 hatakiwi kuaminiwa hata kusoma saa yake mwenyewe. Oksijeni nayo, ikipita bar 1.6 ya mgandamizo wake peke yake, huweza kumtia kifafa majini. Wenye busara huishia 1.4. Dawa ni heliamu, isiyolevya kwa vina hivyo. Mmarekani Max Nohl aliivuta pamoja na oksijeni mwaka 1937 alipozama futi 420 katika Ziwa Michigan.

Kuchanganya kwenyewe ni hesabu ya geji. Tuseme tunataka mtungi wa bar 200 wenye oksijeni asilimia 18 na heliamu 45. Tunatia heliamu bar 90, oksijeni bar 16, kisha kompresa inamalizia kwa hewa bar 94. Hewa hiyo inakuja na oksijeni yake, ndiyo maana oksijeni safi inatosha kidogo. Kazi ni ya polepole. Vali ya oksijeni ikifunguliwa kwa pupa, gesi hujibana na kupata moto, na tone la grisi tu latosha kuwasha kila kitu. Gesi ikishatulia na kupoa, ndipo inapimwa.

Kipimo ndicho kinachodanganya Kamembe. Kifaa cha kupimia hakihesabu asilimia, kinahisi mgandamizo wa oksijeni na kuugeuza kuwa asilimia. Kilichorekebishwa Dar es Salaam, kikiletwa juu hivi hivi, kitausoma mchanganyiko wa asilimia 32 kama 27. Mwenye mtungi atajiona ana ruhusa ya kufika mita 44, na akifika huko anavuta oksijeni ya bar 1.65. Tiba yake ni ya dakika moja: kirekebishwe palepale kwa hewa ya nje, kisome 20.9, ndipo kiguse mtungi. Nashangaa jambo jepesi namna hii halipewi uzito unaostahili, huku watu wakibishana juu ya chapa za kompresa.

Kupanda ndiko kugumu zaidi. Kwa oksijeni, Kivu ina huruma kidogo: asilimia 32 inayoishia mita 33 baharini hapa inafika 36. Kwa nitrojeni na heliamu zilizoyeyuka mwilini mambo ni kinyume. Anayetoka mita 40 za Kivu anarudi kwenye hewa nyepesi, na mwili wake unahesabu kama ametoka mita 46 za bahari. Jedwali la pwani litamtoa mapema mno, na akitoka tu, kupanda gari kuelekea milima ya Nyungwe ni kuongeza shida juu ya shida.

Gesi zenyewe? Oksijeni ipo mahali penye hospitali na mafundi wa kuchomelea. Ile inayotengenezwa na mitambo ya kuchuja hewa hospitalini huwa asilimia 93 hivi, iliyobaki zaidi ni argoni, kwa hiyo hesabu ya bar 16 haifai kwake. Heliamu ndiyo taabu. Dunia huipata zaidi kwenye gesi asilia ya Marekani na Qatar. Lakini mwaka 2016 wanasayansi wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza akiba inayokisiwa kuwa futi bilioni 54 za ujazo katika bonde la Rukwa, Tanzania. Urani na thori katika miamba ya kale huizaa kwa mamilioni ya miaka, na joto la volkano huifungulia njia. Rukwa ni bonde la mkono uleule wa magharibi wa Bonde la Ufa linalobeba Tanganyika na Kivu.

Kivu yenyewe ni mchanganyiko wa gesi. Vilindi vyake vinavyokaribia mita 480 vimebeba kilomita za ujazo 300 hivi za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikishikiliwa na uzito wa maji. Kule Karongi mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 huyapandisha maji ya kilindini. Yakipungukiwa mgandamizo, gesi hutoka yenyewe kama chupa ya bia ya Primus ikifunguliwa. Kisha huoshwa kwa maji, na kaboni dioksidi, inayoyeyuka upesi zaidi, hubaki nyuma methani ikienda kuchomwa. Kwa hiyo kompresa ya mitungi inayofungwa ufukweni inyanyue mdomo wake juu, mbali na mabonde na moshi, kwa kuwa kaboni dioksidi ni nzito na hulala chini. Kiasi cha asilimia 1 juu ya maji kinakuwa sawa na asilimia 5 penye mgandamizo mara tano.