Homonimu katika Jedwali la Kompyuta

Katika Python, lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, jedwali huundwa kwa jozi za ufunguo na thamani. Katika kamusi, jozi hizo ni neno na maana yake. Ufunguo hugeuzwa kuwa namba ionyeshayo mahali ilipohifadhiwa thamani, hivyo hapana haja ya kupekua jedwali zima. Lakini kila ufunguo huwa na thamani moja tu. Mwanakamusi akiingiza "kaa" wa baharini, kisha "kaa" la moto, kisha kitenzi "kaa", maana ya mwisho hufuta zilizotangulia, wala mashine haitoi onyo. Yafaa basi thamani iwe orodha ya maana zote. Kuamua kama hilo ni neno moja au maneno matatu kunabaki kuwa kazi ya mwanaisimu.