Honi ya bawa la ndege

Wengi wetu tunafikiri ndege inaanguka tu juu ya motere kuzima. Hapana! Hata motere ikinguruma, bawa likiinuka kupita digri 15 hivi mbele ya upepo, hewa inaliacha, haliwezi tena kubeba ndege.

Kule Marekani, watu wanaojitengenezea ndege nyumbani wanatia kibati kidogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Hatari ikikaribia, hewa inakisukuma juu, umeme unapita, honi inalia. Wanakijaribu wakiruka juu sana. Honi ikichelewa, wanashuka na kukisogeza kidogo.

Na kila mara mbele ya kuruka wanakiinua kwa kidole, wasikilize. Mdudu mmoja akikikwamisha, honi inanyamaza, na rubani hajui.