Programu ni bure, lakini jina la mwenyewe halifutwi

MURURU, Rusizi – Mfanyabiashara wa hapa anayepeleka bidhaa Bukavu, ng'ambo ya Mto Rusizi, anajua uzito wa cheti cha asili ya bidhaa. Bila cheti hicho, unafuu wa ushuru unapotea. Programu za kompyuta nazo zina cheti chao, na wengi hukifuta bila kujua.

Ushirika unapomlipa kijana autengenezee programu ya kuhesabu stoo na madeni, kwa kawaida kijana haanzi sifuri. Huchukua vipande vya programu huria vilivyoandikwa na wengine, akaviunganisha. Hilo ni halali, hata akilipwa, lakini kuna sharti.

Leseni ya MIT, fupi na inayotumika sana, inaruhusu kutumia, kubadilisha na kuuza, mradi tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni vibaki katika nakala. Leseni ya Apache 2.0, ya mwaka 2004, inataka pia mafaili yaliyobadilishwa yaonyeshwe. GPL inakwenda mbali zaidi: anayepewa programu ana haki ya kupata na msimbo wake.

Anayedhani hayo ni adabu tu aangalie kesi ya Marekani kati ya Robert Jacobsen na Matthew Katzer, iliyohusu programu huria ya kuendesha treni za mfano. Mafaili yake yalitumika katika bidhaa ya kuuzwa bila majina ya waandishi. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kuvunja masharti ya leseni ya namna hiyo kunaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki. Mwaka 2010 kesi iliisha kwa makubaliano, Katzer akikubali kulipa dola 100,000.

Rwanda na Kongo zote zimo katika Mkataba wa Berne, unaolinda kazi za wageni kama za wenyeji.

Anayeitumia programu dukani kwake tu, kwa kawaida hana la kuhofia. Mzigo humwangukia anayetoa nakala. Ushirika wa Mururu ukiwagawia wenzao wa Bukavu programu iliyofutwa majina, nao umekuwa msambazaji.

Kinga yake ni rahisi: kabla ya kumaliza malipo, mwambie fundi akupe faili la leseni pamoja na orodha ya vipande alivyotumia. Litunze kama unavyotunza risiti ya forodha, na kila nakala inapovuka daraja, livuke nayo.